Kamba iko mkononi mwa nani

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na nusu jioni, kwenye kambi ya skauti upande wa Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na migomba bado inadondosha maji. Msichana wa darasa la saba, kiongozi wa patroli yake, yaani kikundi chake kidogo cha skauti, alikuwa amepiga magoti kwenye tope akifunga mguu wa meza ya jikoni kwa kamba ya katani. Alifika mzunguko wa pili, kamba ikamponyoka. Akaanza upya. Ikamponyoka tena.

Kiongozi wao mtu mzima akasogea. Shingoni ana shanga mbili za mbao. Akasema kwa upole kabisa, "Lete nikufungie, mwanangu," akaichukua kamba na kuifunga yeye. Dakika nne tu, kazi safi, ya kupigiwa picha. Mtoto akasimama pembeni, mikono nyuma, vilevile anavyosimama darasani.

Hakuna aliyefokewa. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Wiki ya tano hii, picha hiyo haijaniondoka.

## Shanga zinatolewa kwa lipi

Shanga zile ni za Wood Badge, mafunzo ya juu ya viongozi watu wazima wa skauti. Wengi mnaosoma hapa mnayajua, kwa hiyo sitaanza mwanzo. Nataka tukumbushane jambo moja tu. Kozi ya kwanza ilipofanyika Gilwell Park, nje kidogo ya London, Septemba 1919, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, hakutaka kuwapa waliohitimu cheti cha kutundika ukutani. Alichukua shanga kutoka kwenye mkufu wa Kizulu unaohusishwa na Dinuzulu, mwana wa Cetshwayo. Namna alivyoupata mkufu ule husimuliwa kwa njia zaidi ya moja: wapo wanaosema alipewa, wapo wanaosema aliukuta na kuuchukua. Lakini Wazulu wenyewe shanga za namna ile waliziita iziqu, na alizivaa aliyekwisha kupigana vitani na kuonekana. Hazikuvaliwa na aliyehudhuria mazoezi.

Sisi wa Moshi na Arusha tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengine, maana ni alama iliyotoka bara hili hili.

Ndiyo maana mafunzo haya kwa desturi yana vipande vitatu: nadharia, kambi ya vitendo, na kazi unayoifanya nyumbani katika kundi lako mwenyewe ukifuatiliwa na mtu. Marekani kipande hiki cha mwisho wanakiita tiketi: mshiriki anajiandikia malengo 5 na ana miezi 18 ya kuyatimiza, na bila hiyo shanga havishwi. Shanga 2 ni za aliyemaliza. Atakayeongezewa ya 3 au ya 4 ni yule anayefundisha viongozi wenzake.

Kwetu kipande kinachosifiwa ni kambi. Watu wanarudi na picha, nyimbo na skafu yenye kiraka cha Maclaren, kile cha mirabamiraba cha waliohitimu. Kazi ya kundini, ambayo ndiyo kipimo, inafanywa kimya kimya na mara nyingi haina mfuatiliaji. Inapita hivihivi.

## Mwalimu akivaa skafu

Viongozi wetu wengi ni walimu. Hilo ni jema, na niseme wazi: bila walimu wanaotoa Jumamosi zao, ambazo wangeweza kufundisha tuisheni na kupata chochote, uskauti katika shule nyingi za huku usingekuwepo.

Ila mwalimu anakuja na mkono wake. Darasa la watoto 60 linakwenda kwa sauti moja. Mwalimu anauliza, mtoto ananyoosha kidole, jibu likikosewa linasahihishwa pale pale kwa chaki. Ni mbinu inayofaa ukiwa na dakika 40 na mada ya kumaliza. Uskauti unataka kinyume chake: patroli ya watoto 6 hadi 8, kiongozi wao mtoto mwenzao, na mtu mzima aliyekaa mbali kidogo akiwa na kikombe cha chai.

Kozi ya juu inajaribu kuubadilisha mkono huo kwa njia ya ajabu kidogo. Inawachukua watu wazima, mwalimu mkuu humo humo, afisa wa benki humo humo, inawapanga katika patroli zenye majina ya wanyama au ndege, wanachagua kiongozi wao, wanapika, wanajenga, wanalala kwenye hema. Wanaoiona kwa nje hudhani ni mchezo wa wazee kujirudisha utotoni. Sababu yenyewe ni nzito zaidi. Mwalimu mkuu akinyang'anywa mwiko na mkufunzi mbele ya wenzake, kwa sababu ugali wake una madonge, atahisi kile ambacho hakuna somo la ubaoni lingemfanya akihisi. Mkufunzi mzuri hutafuta nafasi ya jambo hilo litokee, kisha usiku, moto ukiwa umefifia, huuliza: ulijisikiaje?

Yule bwana wa Machame alipita humo. Bila shaka aliulizwa swali hilo.

Basi kwa nini alichukua kamba?

## Hatua ya nne

Kuna njia ya kufundisha stadi ambayo wakufunzi wengi wa skauti huitumia, yenye hatua nne: eleza, onyesha, ongoza, achia. Tuichukue ile meza ya jikoni, tuone kila hatua inagharimu nini.

Miti ya unene wa kifundo cha mkono, yaani kama sentimita 5, inahitaji kamba ya katani ya milimita 6, mita 3 hivi kwa kila kiungo. Meza ya miguu minne yenye fremu ya fito nne ina viungo 8 kabla hujapanga fito za juu. Hiyo ni mita 24. Ongeza kamba ya fito za mshazari ubavuni, kwa sababu bila mshazari meza itayumba hata kama kila kiungo kimekazwa na mwanamume.

Kila kiungo kinaanza na fundo la vitanzi viwili kwenye mti uliosimama, chini kidogo ya pale fito inapolala. Kutoka hapo kamba inazunguka: mbele ya fito, nyuma ya mguu, mbele ya fito upande wa pili, nyuma ya mguu tena. Mara 3, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana. Halafu mizunguko 2 inapita katikati, baina ya mguu na fito, kuibana ile mitatu ya kwanza. Unamaliza na fundo la vitanzi viwili kwenye fito.

Mambo matatu huharibu. La kwanza, mtoto anakaza mwishoni tu badala ya kuvuta katika kila mzunguko, na ulegevu uliofungiwa ndani hautoki tena. La pili, mkaratusi mbichi haukumenywa: gamba linateleza kwenye mti na kiungo kizima kinashuka nalo, kwa hiyo menya kwanza pale kamba itakapokaa. La tatu ni maji. Kamba ya katani ikilowa hunenepa na kufupika, ikikauka hurefuka. Iliyofungwa ikiwa imelowa italegea jua likitoka, na lazima ikaguliwe na kukazwa upya. Nalitaja hili la tatu kwa makusudi, nitalirudia.

Sasa hesabu. Anayejua anatumia dakika 4 kwa kiungo. Mtoto anayefunga kwa mara ya kwanza ya kweli, na si kwenye kipande cha fimbo darasani, anahitaji 20. Jozi moja ikifunga viungo 8 peke yake ni dakika 160. Ukigawa patroli katika jozi 3, mtafika saa nzima. Hiyo ndiyo bei ya "achia".

Eleza ni dakika 5. Onyesha ni 5. Ongoza, 10. Achia ni saa nzima, na katika saa hiyo mtu mzima hana la kufanya zaidi ya kutazama kitu kikiharibika taratibu.

## Nilikuwa namlaumu mtu

Kwa wiki mbili za mwanzo jibu lilionekana rahisi. Alirudi kwenye tabia yake ya darasani, basi. Kozi haikumwingia.

Halafu ratiba ya siku ile ikaharibu jibu hilo. Saa kumi kamili hadi saa kumi na nusu: kujenga meza. Saa kumi na moja: gwaride na kumpokea mgeni.

Dakika 30 kwa kazi ya saa nzima.

Ratiba ya namna hiyo ilikwisha amua nani atafunga kamba kabla patroli haijashuka kwenye gari. Hata mtu mwenye shanga 4 angeichukua. Aliyepanga ratiba aliweka "eleza" na "onyesha" kisha akafunga daftari, na huenda hakuwahi kufunga kiungo hata kimoja chini ya mvua.

Na mgeni? Huku kwetu skauti anajulikana kwa gwaride na kwa kuvisha wageni skafu. Mwenge ukipita tunaonekana, sherehe za kitaifa tunaonekana. Sibezi hata kidogo, nidhamu ile ina faida yake, na mtoto aliyesimama wima mbele ya watu elfu amejifunza kitu. Lakini mgeni akifika kambini huangalia meza iliyonyooka na kusifu. Hajui kuuliza ni nani aliyeijenga. Kiongozi anayempokea anajua sifa zitatoka wapi, naye ni binadamu.

Kwa hiyo sehemu ya mafunzo ya juu ambayo haionekani kwenye picha ni hii: kupanga ratiba inayomruhusu mtu mzima akae. Kambi ya siku mbili haibebi stadi sita. Inabeba mbili, labda na nusu. Ondoa nyingine. Na mgeni akifika, mpe mtoto amwonyeshe meza iliyopinda na aeleze kwa nini imepinda. Wageni wengi hufurahia hilo kuliko mnavyodhani.

## Siku ya pili watagombana

Kuna jambo jingine ambalo huwafanya viongozi waingilie, nalo halina kamba. Kikundi chochote kipya hupita vipindi ambavyo Bruce Tuckman alivieleza mwaka 1965, na kozi za uongozi wa skauti huvitumia sana: watu wanakutana kwa adabu, wanavutana, wanaelewana, ndipo wanachapa kazi. Kambini kipindi cha kuvutana mara nyingi huanza asubuhi ya siku ya pili. Usingizi umekuwa haba, masufuria ni machafu, na kila mmoja anasema jana aliosha yeye.

Kiongozi mpya akisikia sauti zimepanda huivunja patroli, anahamisha wawili, amani inarudi. Patroli iliyovunjwa hivyo inaanza tena kwenye adabu. Kambi ikiisha watakuwa wamekutana mara mbili na kuelewana sifuri.

Kinachosaidia ni kumwita kiongozi wa patroli pembeni, yeye peke yake, mbali na masikio lakini mahali panapoonekana na wote, na kumuuliza maswali mawili. Wanagombania nini hasa? Wewe unataka kujaribu nini? Halafu unamrudisha. Hata jaribio lake likiwa dogo, kama kuandika zamu za masufuria kwenye boksi la sabuni, ni lake.

Ngumu sana. Unasikia kelele na unarudi kwenye chai yako.

## Maharage ya Marangu

Swali linaloulizwa na kila mzazi, na ni swali halali: je, umwache mtoto alale njaa ili ajifunze?

Chukua patroli ya watoto 8. Unga gramu 200 kwa kila mmoja, jumla kilo 1.6. Maharage makavu gramu 100 kwa kila mmoja, jumla gramu 800. Wametoka Moshi mjini Jumamosi asubuhi, hawakuyaloweka. Wako juu ya Marangu, kwenye mita 1,800 au zaidi kutoka usawa wa bahari, ambako maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Kuni zimelowa. Maharage yale hayataiva kabla ya giza, na hakuna kiongozi wa skauti wa kuyaivisha.

Kosa halikufanyika jikoni. Lilifanyika Ijumaa usiku, nyumbani, pale ambapo sufuria moja ya maji ilitosha.

Mtu mzima aliyefunzwa huwa na mikate minne na kopo la siagi ya karanga ndani ya begi lake. Hatangazi. Saa mbili na nusu usiku, watoto wakishakubali wenyewe kwamba hayaivi, anaitoa. Wanakula, wanalala, asubuhi maharage yaliyokaa majini usiku kucha yanaiva upesi, na kuanzia siku hiyo hakuna haja ya kumkumbusha mtu wa patroli ile kuloweka. Akitoa mikate saa kumi na moja jioni, amefuta somo zima. Akiwa hana mikate kabisa, amewatesa watoto. Tofauti yote iko kwenye saa na kwenye begi.

Baridi nayo ni hivyo hivyo, kwa sehemu. Kupanda mita 1,000 kutoka Moshi ni kupoteza nyuzijoto 6 hivi, na Juni na Julai watoto wa mjini huja na fulana. Hapa usingoje usiku ufundishe. Siku chache kabla, waulize viongozi wa patroli: kule usiku kukoje, na nani ana sweta la pili? Wao ndio watakaowaambia wenzao.

## Pale kamba ni yako

Nilisita kuandika makala haya kwa sababu moja. Kuna atakayeyasoma na kudhani kiongozi bora ni yule asiyefanya kitu.

Petroli haimwagwi kwenye kuni mbichi, na ukiona kopo limeshikwa, huulizi swali la busara. Unalichukua. Panga linatumiwa mchana, na kila anayekata ana nafasi tupu inayomzunguka ya urefu wa mkono wake pamoja na panga. Anayeingia ndani ya duara anatolewa saa hiyo. Mito yetu, Karanga na Weruweru kwa mfano, inashuka kutoka mlimani. Moshi kunaweza kuwa na jua kali huku mvua imenyesha juu, na maji yakafika yakiwa ya rangi nyingine kabla hujamaliza kuvua viatu. Kuvuka au kutovuka si kura ya patroli.

Na watoto wenyewe. Watu wazima wawili daima, kamwe mmoja peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Mtu mzima halali hema moja na watoto. Jina la nani anapokea malalamiko litajwe mbele ya watoto siku ya kwanza, na awe mtu ambaye hata dhidi ya kiongozi mkuu wa kambi wanaweza kumwendea. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, na hakuna shanga inayomweka mtu juu yake.

Kiongozi aliyefunzwa vizuri anajua mpaka huu unapita wapi kabla siku haijaanza. Asiyejua huchukua kila kitu, au huacha kila kitu.

## Jumatano

Mabadiliko yaliyo rahisi kuliko yote hayahitaji fedha. Kundi la watoto 60 na mlezi mmoja haliwezi kufundishwa kufunga kiungo Jumamosi. Atakayejaribu atahubiri tu. Lakini watoto 60 wana viongozi wa patroli 8. Wakae na mlezi Jumatano baada ya vipindi, dakika 45, kamba mkononi, nyuma ya darasa. Wao wafunge hadi wajue. Jumamosi kila mmoja anawafundisha 6 au 7 wa kwake, na mlezi anatembea.

Kambi ikiisha, kila patroli inajibu maneno matatu ambayo kozi nyingi huyatumia kwa watu wazima: tuanze nini, tuache nini, tuendelee na nini. Anayeandika ni mtoto. Na mlezi naye anajibiwa, maana orodha hiyo inamhusu. Kama kwenye "tuache" kumeandikwa "mwalimu asitufungie kamba", hapo ana lengo la kwanza la kazi yake ya kundini, bila kulitafuta kwenye kitabu.

Mfuatiliaji wake aje mara mbili, moja bila taarifa, asiangalie meza. Aangalie mikono ya mlezi iko wapi.

## Jumapili

Asubuhi ya pili kule Machame kulikucha kweupe. Kibo ilionekana yote. Saa nne jua lilikuwa limeshika, matope yameanza kukauka, kamba nazo.

Patroli ilikuwa imeweka sufuria la uji juu ya meza. Likaanza kutembea lenyewe, polepole, kuelekea ukingoni. Msichana akalidaka kwa kanga. Alikishika kile kiungo kilichofungwa kwa dakika nne jana yake, akakitikisa. Kilikuwa kimelegea kabisa, kidole kinapita. Mita tatu za kamba zilikuwa pale pale mbele yake, na mikono yake miwili.

Akageuka akatafuta kwa macho kati ya mahema.

"Mwalimu! Meza yako inacheza."